Mchicha Chukuchuku

Sokomuhogo, Unguja
12 Oktoba 1971

Kwa wifi yangu Bi Shariffa, Tanga,

Shikamoo wifi. Barua hii ikukute mzima, wewe na mumeo na watoto, na kama umo zamuni kazini basi ikungojee mpaka uvue viatu.

Sisi huku hatujambo kiasi chetu. Mama yako hajambo, miguu tu inamsumbua kwenye ngazi, na ukimwambia akae chini anakwambia atakaa akifa. Kaka yako Khelef yuko Pemba tangu mwezi wa nane. Amepelekwa kuchuma karafuu na wenziwe wa kazini, na wamesema watarudi zikimalizika. Mwaka huu zimezaa, kwa hivyo nshazoea kulala peke yangu. Mdogo wako Hamad anakusalimu sana. Anasuka viti vya watu uani kama kawaida yake, na umeme ukikatika anatucheka, anasema nyumba nzima mmekuwa kama mimi, mbona mnapiga kelele. Mchele umekuwa wa foleni. Muhogo tunao, alhamdulillahi.

Sasa shida yangu. Mwanangu Tabia alipata surua mwisho wa mwezi uliopita. Homa imetoka, vipele vimekauka, tukashukuru. Lakini tangu wiki iliyopita jua likishatua mtoto haoni. Mchana anacheza, ananisaidia kuchagua mawe kwenye mchele. Ikiingia magharibi anakaa pale pale alipo, hanyanyuki. Juzi nilimwita aje kula, akaitikia "Naam", akaja mpaka akaikanyaga sahani. Nikamgombeza. Akaniuliza, "Mama, mbona hamjawasha taa?" Na taa ilikuwa inawaka, wifi. Ilikuwa juu ya kichwa chake.

Nimempeleka kwa daktari. Alimmulika tochi, akanipa dawa ya kupaka, akasema yapo mafuta ya samaki wanayopewa watoto kama hawa ila yamekwisha, nirudi. Nimerudi, bado hayajaja. Akasema basi nimpe matunda na mboga za majani. Ndipo nikakukumbuka wewe, nesi wetu, unayeshinda na watoto wa watu kutwa. Nambie, kipi bora kwa macho, papai au mchicha? Papai tunalo, ule mpapai uliojiotea uani umezaa mpaka unainama, na Hamad ndiye anayelijua lililoiva kwa kulinusa. Mchicha ananiletea yule muuza mboga Sichana kutoka Kiembe Samaki, kila asubuhi na ungo wake. Lakini mtoto wa miaka minne tumbo lake dogo, na tangu surua hana hamu. Akila papai hali mboga, akila mboga hali papai. Nichagulie kimoja nikishike.

Na jengine. Hamad macho yake yaliharibika vipi? Nikimuuliza Mama husema hasadi, jirani alimsifu macho akiwa mdogo, basi. Wewe ulikuwepo. Nakuuliza tu.

Mimi wifi yako nikupendaye na kukusumbua,
Mwanakheri


Tanga
20 Oktoba 1971

Wifi yangu Mwanakheri,

Marahaba, na tafadhali usiniamkie kwenye karatasi kama bibi kizee, watu wa posta watadhani nina mvi. Sisi hatujambo. Mume wangu ana kikohozi chake cha kila mwaka, dawa anazo hanywi. Mwezi wa Ramadhani unatazamiwa leo, mkiuona huko mtufungie na sisi.

Barua yako imenikaa rohoni. Sikiliza vizuri, na ukimaliza kusoma rudia.

Anachokosa Tabia kinaitwa vitamini A. Ndiyo inayolisha macho, na surua ikipita huichota yote ikaondoka nayo. Papai lililoiva linayo, ile rangi yake ndiyo dalili. Mchicha unayo zaidi. Hapa kliniki tuna chati ukutani, nimesimama mbele yake kabla ya kukuandikia ili nisikwambie la kubuni. Ukichukua kipande cha papai na mchicha uliopikwa, uzani mmoja, mchicha unashinda mara kadhaa. Papai limejaa maji. Mchicha ukipikwa unanywea, fungu zima linakuwa konzi ya mkono, kwa hivyo katika konzi moja unamlisha mtoto fungu zima. Tumbo likiwa dogo, shika mchicha. Mwambie Sichana akuchagulie wa kijani kilichokolea, si ule uliopauka. Mchana na usiku, kila siku.

Usichelewe, Mwanakheri. Hiyo ya kiza ni hatua ya kwanza, na hapo macho bado hurudi. Ya pili jicho linakauka. Ya tatu sikuandikii.

Nimemwomba Bwana Jaku, ana nduguze Malindi ya huko kwenu, akuletee chupa ya mafuta ya samaki. Anangoja ruhusa yake ya kusafiri.

Mama mwambie aweke miguu juu ya mto. Hamad mwambie kiti alichonisukia nimekikalia hivi sasa. Mengine tutazungumza siku tutakayoonana.

Wifi yako asiye na mvi,
Shariffa


Sokomuhogo, Unguja
3 Novemba 1971

Wifi Shariffa,

Assalaam alaykum. Sikuamkii, umekataa mwenyewe. Saumu inakwenda, tunafuturu muhogo na uji, na siku Hamad akilipwa kiti tunapata na samaki. Khelef ameleta salamu kwa mtu, anasema yu mzima, mikono imekuwa myeusi. Hajui habari za mtoto. Sijamwandikia, ataniuliza mtoto ana nini nami sijui.

Nimefuata neno lako. Papai nimelikata kabisa, yanayoiva nayapeleka kwa jirani. Hamad hakupenda. Aliniambia, "Papai analila mwenyewe anacheka, mboga mnamshika pua." Nikamwambia wifi yangu amesoma na wewe hukusoma. Akarudi kusuka kiti chake. Yeye mwenyewe mchicha haugusi tangu nilipoolewa humu, anasema hauna utamu, kwa hivyo nikaona anamwonea huruma mtoto kwa jambo asilolipenda yeye.

Nampa mchana, nampa usiku, wa kijani kama ulivyosema. Na hapati nafuu, wifi. Anazidi. Sasa hata alasiri chumba cha ndani kinampotea, anatembea ameweka mkono ukutani. Jicho la kushoto limekauka, limekosa ule mng'aro wake, na pembeni pametoka kitu cheupe kama povu la sabuni. Nalipangusa halitoki. Juzi alianguka ngazini akalia sana, na jicho lile likabaki kavu vile vile.

Mboga anaikataa. Anasema ina ladha ya maji. Namshika mikono namtia kijiko kwa nguvu, naye analia, nami nimefunga nalia juu ya sahani. Sijui tena kama namlisha au namtesa.

Mama anasema surua haijatoka, imekimbilia machoni, na mpaka macho yatakate ndipo tutasema imekwisha. Basi tunashika hivyo hivyo.

Bwana Jaku hatukumwona. Na nilikuuliza habari ya Hamad, hukunijibu. Labda ulisahau.

Nambie la kufanya. Nambie lolote nitafanya.
Mwanakheri


Tanga
10 Novemba 1971

Mwanakheri,

Salamu zote umezipata, tusipoteze karatasi.

Jaku amenyimwa ruhusa. Chupa imerudi, iko juu ya kabati naitazama.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikaenda nayo moja kwa moja kwa daktari wetu. Nikamwambia mtoto anakula mchicha kutwa mara mbili na macho yanazidi kuharibika. Nilidhani ataniuliza mchicha gani, au kiasi gani. Aliniuliza, "Unapikwa vipi?" Nikataka kucheka. Nikamwambia, daktari, mimi natoka Unguja, mchicha kwetu unapikwa kwa nazi, nani asiyelijua hilo. Akasema basi vyema, kwa sababu vitamini hii haiingii mwilini ila kwa mafuta. Akasema mchicha bila ya mafuta unapita tumboni kama mgeni asiyekaribishwa, unaingia na unatoka. Papai, akasema, angalau ni laini, linatoa kilichomo bila ya shida nyingi, hata mtoto akiwa amekula kichache chenye mafuta kabla yake. Jani ni gumu, linataka kusaidiwa. Chati inasema kilichomo ndani ya chakula, haisemi kitakachoingia ndani ya mtu.

Nikarudi nyumbani nimeridhika, nikijua nazi ipo. Nikakaa kufuturu. Tonge liko mkononi, ndipo neno la Tabia likanijia. Ladha ya maji. Mchicha gani wa nazi wenye ladha ya maji?

Nijibu hili tu. Unaupika vipi?

Shariffa


Sokomuhogo, Unguja
15 Novemba 1971

Wifi,

Mchicha unapikwa kama unavyopikwa nyumbani kwenu mtu akiwa na surua. Wewe umezaliwa nyumba hii, mimi nimeolewa. Unajua zaidi yangu.

Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Mimi si mtu wa kumshitaki mama mbele ya mwanawe. Tangu nimeingia humu Mama hajanisema kwa mtu, na nilipojifungua Tabia alinikanda kwa mikono yake. Akisema hiki ni mwiko, mimi ni nani.

Jicho la kushoto limeingia ukungu. Anauliza kwa nini dirisha tunalifunga mchana.

Mwanakheri


Tanga
20 Novemba 1971

Mwanakheri mpenzi,

Leo sikukuu. Watoto wamevaa wametoka, mume wangu amekwenda kutembelea watu, nami nimejifungia jikoni na kalamu. Idd yangu ndiyo hii. Barua yako imefika jana.

Chukuchuku. Mnampikia chukuchuku. Chumvi na maji, na maji yenyewe mnayamwaga. Hakuna nazi, hakuna mafuta, hakuna samaki, hakuna yai. Eti mafuta yanairudisha surua ndani. Nayajua maneno yote, nimelelewa nayo. Na mwiko haufunguliwi mpaka macho yatakate, si ndiyo? Na kwa sababu ya mwiko macho hayatakati. Basi hautafunguliwa siku zote.

Umeniuliza habari ya Hamad, mara ya kwanza na ya pili. Sikusahau.

Hamad alizaliwa na macho kama yangu na yako. Alipata surua akiwa na miaka mitatu, mimi nilikuwa na tisa. Bibi yetu alimwamrisha Mama amfungie mwiko, naye Mama akamfungia kama alivyofungiwa yeye. Yalianza na kiza cha magharibi, kama Tabia. Yalivyozidi kuharibika ndivyo Mama alivyozidi kushika. Alimnyima nazi hata kwenye uji. Alikuwa akimlisha mchicha kwa mkono wake mwenyewe, anambembeleza, na Hamad anasema hauna utamu, hauna utamu. Ndilo neno nililolisoma kwenye barua yako ukasema mchicha haupendi tu. Ile hasadi ya jirani ilikuja baadaye, macho yalipokwisha kufa, maana lazima apatikane mtu.

Nilikuja kuyajua haya hapa Tanga, siku waliyotufundisha habari za surua. Nilitoka nje ya darasa nikakaa kwenye ngazi. Tangu siku hiyo nimelifunga mdomoni. Mama amemlea Hamad miaka ishirini na mitano, anamkatia kucha, anampimia maji ya kuoga, mpaka leo anampoza chai kabla hajampa. Hana kitu anachojivunia duniani kuliko kwamba alimtunza. Sasa ukimwambia kuwa nazi ndiyo itakayomponya Tabia, umemwambia na nani aliyempofua Hamad. Huwezi kumwambia moja usimwambie jengine. Ndiyo maana nilipokuandikia mwanzo niliandika mchicha, sikuandika neno juu ya miiko. Nilijipa moyo kuwa mwiko ule umekufa na Bibi. Sikutaka kuuliza, nisije nikajibiwa.

Nimezunguka ili nisimuumize mmoja, na mwengine anapofuka.

Tia nazi. Soma hapa usimame ukatie nazi. Tui zito, usilipime. Kama nazi hamna tia samli, tia mafuta ya aina yoyote yaliyomo nyumbani. Maji ya mchicha usiyamwage. Na papai mrudishie, akishakula mchicha, Hamad ndiye ampe kwa mkono wake. Mchicha wa nazi unalishinda papai, hilo silirudishi. Lakini papai alilokuwa akilila anacheka lilikuwa na faida kuliko chukuchuku uliyomtilia kwa nguvu, na mimi ndiye niliyekwambia ulikate.

Mama utamwambia au hutamwambia, ni juu yako. Mimi niko ng'ambo ya maji na nimejificha nyuma yake. Nakuachia mzigo uliokuwa wangu.

Shariffa


Sokomuhogo, Unguja
14 Desemba 1971

Wifi Shariffa,

Ulijua.

Nimeanza barua hii kwa matusi, nikaichana. Nikaanza kwa salamu, nikaichana pia. Ulijua tangu mwezi wa kumi, tangu nilipokuuliza mara ya kwanza. Ungaliandika neno moja tu, nazi, mwanangu angalikuwa na macho yake yote mawili. Nimelala na hilo kila siku. Kisha naamka nakumbuka kuwa mimi sikuwa kipofu, nilikuwa nakitazama chungu changu na kilichomo, na nilipoulizwa nikaandika mafumbo. Basi tusitupiane. Wote wawili tulimhifadhi Mama, na aliyelipa ni mtoto.

Nakuhadithia yote, kwa kuwa ni haki yako kuyajua.

Barua yako ilichelewa kwa sababu ya sikukuu. Siku ilipofika nilisubiri Mama apande juu kusali alasiri, nikaitoa mbuzi nikakuna nazi haraka haraka, nikijikata kidole. Nikakamua tui nikatia kwenye mchicha. Nilifikiri nitamlisha Tabia kabla hajashuka. Nilisahau harufu. Miezi miwili nyumba ile haikunusa nazi, na tui lilipochemka harufu yake ilipanda ngazi.

Mama alishuka na miguu yake ile, anashika ukuta. Hamad yuko uani na kiti chake. Akauliza, "Nani anapikiwa nazi?" Nikamwambia Tabia. Hakunipigia kelele. Alichukua pindo la kanga, akakishika chungu, akaenda nacho mpaka mferejini akakimwaga chote. Nikausikia ule mchicha unadondoka. Kisha akanigeukia, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanakheri, mimi nimelea mtoto kipofu. Surua naijua. Hutanifundisha wewe."

Wifi, nilimwangalia Tabia. Alikuwa amekaa ameelekeza uso kwenye harufu, si kwetu. Jicho la kushoto lilikuwa jeupe. Nikasema, "Mama, na Hamad ulimpikia hivi hivi?"

Akasema, "Hivi hivi. Sikumpa tone la tui. Wengine walinishauri nilegeze, sikulegeza. Nilimshikia mwiko mpaka mwisho, na..."

Chungu kiko mkononi kinachuruzika. Nilimwona anayasikia maneno yake mwenyewe. Alimtazama Tabia, kisha akamtazama Hamad, kisha akamrudia Tabia. Mkono wa Hamad ulikuwa umesimama kwenye ukili wa kiti chake. Sikumwambia neno la ziada, Mungu ni shahidi, wala barua yako sikuitaja. Alifika mwenyewe.

Hamad akasema, "Mama, njoo ukae."

Hakukaa. Alikiweka chungu chini polepole akapanda juu. Hakushuka siku hiyo wala ya pili. Nikimpelekea chakula nakikuta kama nilivyokiacha. Nilimwomba radhi nje ya mlango, hakufungua. Nilikuwa napika mchicha wa nazi kila siku na hakuna wa kunizuia, na kila nikikoroga najiona nimemuua mtu ili nimlishe mwengine. Hamad alikuwa akipanda, anakaa naye. Nilimuuliza Hamad kama na yeye amenikasirikia. Akaniambia, "Mimi nshazoea kiza changu, shemeji. Yeye anaanza leo."

Ijumaa nilisikia sauti ya mbuzi jikoni. Nikashuka nikamkuta Mama amekaa juu yake, anakuna. Amemaliza nazi moja, ameshika ya pili. Hakunitazama. Alikamua tui mwenyewe, akautia mchicha, akalimimina lile zito juu, akaonja chumvi. Kisha akamwita Tabia, akampakata akamlisha. Tabia akala. Hakushikwa pua. Alipomaliza, Hamad akaleta papai, akalikata kwa kupapasa kama afanyavyo, naye akala tena mpaka maji ya papai yakamchirizika kifuani.

Sasa nakupa habari ya macho. La kushoto limekwenda, wifi. Daktari amesema pale pameshakuwa kovu, hakuna wa kulirudisha. Nilipotoka kwake nilikaa barazani kwa mtu nisiyemjua nikalia mpaka wakaniletea maji. Anaulizwa na watoto wenziwe kwa nini jicho lake lina maziwa, na mtoto wa kike, unajua watu watakavyosema akikua. La kulia linarudi. Wiki iliyopita, magharibi, taa hatujawasha, alikuwa kwenye mapaja ya Mama. Akasema, "Bibi, kanga yako ina tundu." Mama akaliangalia pindo. Tundu lilikuwepo, dogo, hata mimi sikuwahi kuliona. Mama akajifunika uso na ile kanga akalia kwa sauti, na Tabia akadhani amemkosea, akawa anamwambia, "Si kubwa, Bibi, si kubwa."

Chupa ya mafuta ya samaki usiirudishe kliniki. Mtafute msafiri mwengine, jicho lililobaki nalitunza kama amana. Khelef nimemwandikia. Sijui atakaporudi atatutazama vipi.

Mama hajalitaja jambo la Hamad, na hakuna anayemuuliza. Hasadi ya jirani haitajwi tena humu ndani. Ila kila siku chungu kikiiva, sahani ya kwanza si ya Tabia. Mama anapakua mchicha wa nazi, anautilia tui la juu, anampelekea Hamad uani, anasimama. Na Hamad, mtu ambaye nimemjua miaka yote haugusi, anaula wote mpaka anapangusa sahani kwa kidole. Jana nilikuwa mlangoni nikamsikia anamwambia, "Mama, leo una utamu."

Mama akaichukua sahani akarudi jikoni kumwongeza.

Wifi yako, na sina mwengine,
Mwanakheri